Chupa Mbili Mbele ya Wageni

"Ile sentensi yako itoe ukutani," fundi alisema, bila hata salamu.

Mwandishi wa kampuni alishusha kikombe. Siku tatu mchumba wake hapokei simu, naye moyoni keshamwoza wanawake wanne. Leo anaibuka ofisini na ovaroli lake, na neno la kwanza ndilo hilo. Sentensi yenyewe ilikuwa fahari yake. Kati ya dira na maadili yote ya kampuni aliyoyaandika, ndiyo iliyopandishwa mapokezini kwa herufi za chuma: *Maji tunayoyachukua mtoni, tunayarudisha yakiwa safi.*

"Nilidhani umepata mwingine."

"Mwingine wa wapi? Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Akaweka chupa mbili mezani. Kila asubuhi alichota maji kwenye bomba linalotoka kiwandani kwenda mtoni, akaandika tarehe, akapanga chupa rafuni. Ya mwezi uliopita iling'aa. Ya jana ilikuwa na rangi ya kutu. Kichujio kimepasuka wiki mbili sasa, alieleza, na meneja anamlazimisha asaini kwamba maji ni salama, kwa kuwa kesho wageni wanakuja kuzindua maadili.

"Nimekataa. Lakini kesho utayasoma wewe, na mimi siwezi kukupigia makofi ya uongo."

Ilimuuma. "Niliiandika kwa kuziamini chupa zako," alisema taratibu. "Niachie hizi mbili."

Kesho yake alisimama mbele ya ukumbi uliojaa, meneja akitabasamu mstari wa kwanza. Alisoma dira, akasoma maadili, na alipofika kwenye maji akaziweka chupa mbele ya mkurugenzi.

"Sentensi hii niliitunga mimi, na leo si kweli. Kichujio kimepasuka. Naomba herufi zishushwe. Kikifungwa kipya, nitazipandisha kwa mikono yangu."

Mkurugenzi aliinua chupa ya jana, akamuuliza meneja kama angeweza kuinywa. Meneja akaisukuma pembeni. Njia ya mwongo ni fupi. Mitambo ilizimwa siku hiyohiyo.

Bado wakiwa ukumbini, simu ya mwandishi ilitetemeka. Ujumbe: *Nimesimama nyuma kabisa, nimepiga makofi mpaka viganja vinawaka. Wazazi wangu wanauliza waje kwenu lini.*

Akajibu: *Kichujio kikifungwa. Na wewe uje na chupa ya siku hiyo.*

Wiki ya sita kichujio kipya kilifungwa, na mwandishi akapanda ngazi mwenyewe, fundi akiishikilia chini, na herufi zikarudi moja moja. Jumamosi yake wazazi wa fundi walifika nyumbani kwa kina mwandishi, na fundi akaingia amekumbatia chupa yenye tarehe. Baba yake mwandishi aliitazama kwenye mwanga, akaanza kucheka.

"Huyu," alimwambia mkewe, "tumpe binti."