Mwenye Bunduki

Seremala alikuwa barazani akipiga randa mlango, binti yake akichezea maranda. Mara akaingia shangazi wa mkewe, akihema. Alikuwa amestaafu kazi ya askari magereza, lakini sauti yake haikustaafu.

"Nasikia bunduki ya marehemu kaka yangu iko humu?"

"Ipo, Shangazi. Lakini si yangu. Ni ya mke wangu, aliirithi kwa baba yake, na kibali anacho."

"Mmeiweka wapi?"

"Chumbani kwetu, kwenye kabati. Nimeliwekea kufuli madhubuti."

"Na ufunguo?"

"Uko msumarini, karibu na kioo."

Shangazi alishika kichwa. "Baba, unataka kurudi jela?"

Seremala alipigwa na butwaa. Ni kweli alifungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, lakini alitumikia kifungo chote. Sasa kosa liko wapi?

"Kifungo kimekwisha, Shangazi. Hata kinyozi aliniambia haina neno."

"Kifungo kimekwisha, hatia imebaki. Kwa sheria yetu, aliyetiwa hatiani kwa kosa kama lako haruhusiwi kuwa na bunduki."

"Mimi sina!"

"Unayo."

"Kwa hiyo ni yangu?"

"Si yako. Lakini unayo, maana ufunguo unao."

Mkewe alitoka jikoni. "Shangazi, unatuchanganya. Mwenye bunduki ni mimi."

"Wewe kwa kibali, yeye kwa ufunguo. Sheria inawaona wote wawili."

Kichwa kilimzunguka seremala. Alimtazama binti yake. Alipofungwa, alimwacha mchanga. Alipotoka, mtoto alimkimbia, na mpaka siku hiyo alimwita "mjomba". Seremala aliogopa kweli kweli.

"Basi naipeleka kituoni sasa hivi!"

"Thubutu! Yaani uibebe barabarani? Usiiguse. Mpe mkeo ufunguo, tupige simu, polisi waje wenyewe. Na siku nyingine ukiwa na shaka, uliza polisi au mwanasheria, siyo kinyozi."

Polisi walikuja, wakaichukua. Kaka wa mke, anayeishi mbali, aliomba kibali, akakabidhiwa.

Siku moja duka la jirani lilivunjwa. Askari walipita nyumba kwa nyumba. Mmoja alimkumbuka seremala kwa kile kifungo chake.

"Wewe! Hapa kuna mwenye bunduki?"

Seremala aliligeuza lile neno kichwani, mbele na nyuma. "Hakuna," alisema mwishowe.

Askari aliingia mpaka chumbani. "Na hili kabati?"

Alilifungua. Ndani mlikuwa na magauni madogo tu.

"Ni ya kwangu hayo," binti alimwambia askari. "Ila ufunguo anao baba."

Seremala alicheka mpaka machozi yakamtoka.