Nani Atamshonea Baba Moyo?

Kila siku baada ya masomo, Kiulizo alipitia kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Baba alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Kiulizo aliokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha akakunja sare zilizokwisha kupigwa pasi. Jina hilo la utani alipewa na mwalimu wake wa darasa la sita, kwa sababu hakuna somo lililopita bila yeye kuuliza swali.

Miezi michache nyuma, daktari wa moyo alikuwa amewaonyesha wazazi wake mchoro. "Ndani ya moyo kuna milango midogo inayoitwa vali," alisema. "Damu ikishapita, mlango hujifunga ili isirudi nyuma. Mlango mmoja wa fundi haufungi vizuri, unavuja. Atahitaji upasuaji, ingawa si leo wala kesho. Huenda ikawa mwaka ujao. Tumieni nafasi hii kutafuta daktari bingwa wa upasuaji aliyeizoea kazi hii hasa. Na ukianza kuishiwa pumzi, fundi, nijulishe mara moja."

Kumbe pumzi zilikuwa zimeshaanza kumwishia. Siku za Jumamosi, wakipanda ngazi pamoja kwenda kazini, baba alisimama mara tatu, na kila mara aliinama kama anayefunga kamba za viatu.

"Baba, umechoka?" Kiulizo aliuliza siku moja.

"Nani, mimi? Kamba hizi zina kiburi tu, hazitaki kufungwa." Akahema kidogo. "Mama yako usimwambie, mwanangu. Ana wasiwasi wa kutosha."

Kiulizo alikubali. Lakini ahadi ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi ya kumtafuta daktari ilianza. Mjomba alikuja na jibu tayari. "Shemeji, yupo yule ambaye picha yake ipo barabara kuu. Kubwa kama nyumba!"

"Hata sabuni ina picha kubwa," mama alimjibu kaka yake. Hata hivyo walikwenda. Kiulizo alibeba daftari lenye maswali waliyoyaandika pamoja na mama.

"Daktari, upasuaji wa vali ulifanya mara ngapi mwaka uliopita?" mama alisoma.

Daktari alitazama saa yake. "Mama, mambo hayo niachie mimi. Wewe leta mgonjwa."

"Vali utaitengeneza, au utaweka nyingine?"

"Tutajua tukifika huko."

Walipotoka, baba alikuwa amechangamka. "Mtu mzuri! Hana maneno mengi."

"Hana hata moja," mama alisema. Kesho yake alirudi kwa daktari wa moyo, akamuuliza bila kuzunguka, "Angekuwa baba yako mzazi, ungempeleka kwa nani?" Daktari hakufikiri mara mbili. Alimtaja mwanamke mmoja wa hospitali kuu, ambaye kila wiki alikuwa akitengeneza vali.

Chumba cha daktari huyo mwanamke kilikuwa kidogo, na mezani palikuwa na moyo wa plastiki uliofunguka katikati. Kiulizo alisalimia, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Naona wewe ndiye karani wa safari hii. Haya, uliza."

Kiulizo aliuliza mwenyewe, swali moja baada ya jingine. Daktari alijibu yote. Mwaka uliopita alifanya upasuaji wa vali themanini na sita. Kama vali inatengenezeka, yeye huishona badala ya kuweka mpya. "Na ukitaka kujua kama wote walipona, hapana," alisema taratibu. "Wawili tuliwapoteza. Walifika wakiwa wamechelewa sana. Siwezi kukuficha."

Kisha daktari akamgeukia baba. "Sasa zamu yangu. Fundi, ngazi unapandaje?"

"Ngazi? Napanda zote kama swala!" baba alijigamba.

Kiulizo alitazama chini. Daktari huyu alikuwa amewaambia ukweli hata ulipokuwa mchungu. Machozi yakamlengalenga. "Si kweli," alisema. "Anapumzika mara tatu. Anasingizia kufunga kamba za viatu. Na jana alizifunga akiwa amevaa kandambili."

Mama aliziba mdomo kwa mshangao. Baba alitazama miguu yake kama aliyeiona leo. Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa, na baba mwenyewe akaangua kicheko mpaka akaanza kuhema. Hapo kila mtu akaona ukweli.

Vipimo vilirudiwa siku hiyohiyo. Vali ilikuwa inavuja zaidi kuliko mwanzo. "Hatungoji mwaka," daktari alisema. "Ni mwezi huu."

Njiani Kiulizo alitembea nyuma. "Nisamehe, baba. Nimevunja ahadi."

Baba alimshika bega. "Ahadi ile haikuwa ya kuombwa mtoto. Niliogopa, nikakubebesha woga wangu. Mwenye kuomba radhi ni mimi."

Siku ya upasuaji walingoja kwa muda wa saa tano kwenye benchi. Mjomba alisoma gazeti lilelile kutoka mwanzo hadi mwisho mara nne, hata matangazo ya misiba. Hatimaye daktari alitoka akivua kofia yake ya kijani. "Tumeishona ileile yake. Haivuji."

Miezi miwili baadaye baba alikwenda kupimwa, uso wake umejaa afya. Alimshukuru daktari kwa mkono wake hodari.

"Mkono ni mazoezi," daktari alijibu, kisha akamtazama Kiulizo. "Mlifanya vizuri kuuliza kabla ya kuchagua, kwa sababu mwili ni wenu na kuuliza ni haki yenu. Lakini kumpata daktari hodari ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia kweli yote. Mgonjwa akinificha, hata mimi nafanya kazi nikiwa nimefungwa macho. Na mtu mzima akikuomba ufiche ugonjwa wake, mwambie anayeweza kumsaidia. Huko si kumsaliti. Ndiko kumpenda."

"Nimesikia, daktari," alisema Kiulizo.

"Na mimi pia," baba akadakia, "ingawa sijaulizwa."