Sugu ya Mkasi

"Hesabu vidole vya mwanao, halafu uniambie ni vya nani!"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, aproni ya kinyozi bado kiunoni, vipande vya nywele za wateja vimemganda mikononi. Mimi nilikuwa namkausha mtoto. Pembeni ya kila kidole chake cha mwisho kilining'inia kingine kidogo, kama punje ya hindi yenye kucha.

"Ni wako, mume wangu."

"Wangu? Kwetu nani ana vidole sita? Lakini yule mchoma mikate unayefanya naye kazi anavyo. Mtaa mzima unajua!"

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani akikunja nepi. Nikamgeukia.

"Mama, sema basi hata neno."

"Niseme nini, mwanangu? Ya chumbani kwenu mnayajua wenyewe."

Akaikunjua nepi aliyokwisha kuikunja, akaanza upya. Nililiona hilo, nikaliweka moyoni.

Nikahamia kwa dada yangu. Siku ya chanjo nikamtumia mume wangu ujumbe: "Njoo kliniki. Nesi anataka kutuona wote wawili."

Akajibu: "Nakuja. Nataka uumbuke mbele za watu."

Akaja kweli, akabwata mbele ya kina mama wote kwenye foleni. Nesi akamwacha amalize.

"Vidole hivi vinarithiwa, kaka. Na vina nguvu. Mara nyingi mzazi mmoja tu akiwa navyo inatosha mtoto kuvipata, hata kama mwenzake hana."

"Mmesikia? Mwenye navyo yuko kwenye tanuri la mikate!"

"Hebu lete mikono yako."

Akampapasa ukingo wa kidole cha mwisho.

"Hiki kijinundu ni cha nini?"

"Sugu ya mkasi. Ndiyo kazi yangu."

"Na huku kushoto? Unanyoa kwa mikono miwili?"

Mama mmoja kwenye foleni akacheka. Mume wangu hakucheka. Akampigia mama yake, akaweka spika.

"Mama, hivi vinundu vya mikononi mwangu vilitoka wapi?"

Mama mkwe akaanza kuuliza habari za mtoto.

"Mama!"

"Nilivifunga uzi ukiwa mchanga, vikakauka, vikadondoka. Marehemu baba yako alifanyiwa hivyohivyo. Sikutaka watu wakucheke."

"Na nilipokuwa namwita mke wangu malaya, ulikuwa umeketi palepale!"

"Nilitumaini kwako uzi ulishamaliza mambo, baba. Halafu ulivyowaka vile, nikaogopa utanigeukia mimi."

"Uzi unakata kidole, mama," nesi akasema taratibu. "Damu haikatwi na uzi."

Simu ikakatika. Mume wangu akapiga magoti kwenye sakafu ileile aliyonitukania.

"Mke wangu, nimekosa. Twende nyumbani. Mama nitamhamisha leoleo."

"Mama yako mwache. Yeye alinyamaza. Wewe ndiye uliyesema."

"Lakini si imeshathibitika? Mtoto ni wangu! Sasa unataka nini tena?"

"Nilitaka uniamini kabla haijathibitika."

Akanyoosha mikono. Nikampa mtoto amshike, maana ni baba yake. Akamlowesha kwa machozi. Kisha nikamchukua, nikamfunga mgongoni.

"Jina lako atalibeba, na kumwona utamwona. Mimi usinisubiri."

Nikarudi kwenye foleni. Mtoto alikuwa hajachomwa sindano bado.