Sauti ya Ng'ambo

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa redio. Jina hilo la Chiriku alipewa na wenzake darasani kwa kuwa hakuishiwa maneno. Wiki ile maneno yenyewe yalikuwa ya hotuba. Ijumaa angesimama mbele ya shule nzima kueleza kwa nini nchi yao inazishinda nchi zote.

"Maji yetu ni safi na watu wetu ni wasafi," alisoma, amekaa juu ya kreti kati ya redio zilizofumuliwa matumbo. "Maradhi yanayowasumbua watu wa ng'ambo ya mto wa mpakani hayawezi kutufika, kwa maana sisi si kama wao."

"Nani kakwambia?" shangazi aliuliza bila kuinua macho.

"Kila mtu anasema, shangazi."

Ni kweli, kila mtu alisema hivyo. Muuguzi wa zahanati alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wachemshe maji ya kunywa. Walimwitikia kwa adabu, akigeuka wakamcheka. Lakini mji ulikuwa umeanza kunyamaza. Foleni ya bombani ilipungua siku hadi siku. Darasani kwa Chiriku madawati matatu yalikuwa matupu. Mwalimu alipofika kwenye majina ya waliokuwa wakikaa hapo aliyaruka, akaita jina linalofuata. Hakuna aliyeuliza.

"Njoo unishikie waya huu," shangazi alisema. "Uinue juu zaidi."

Chiriku akauinua. Redio kuukuu iliyokuwa mezani ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha ikatoa sauti ya mtoto wa kike.

"Sisi ni watu safi, na maji yetu ni safi. Ugonjwa ulioko ng'ambo ya mto hauwezi kuvuka, kwa maana sisi si kama wao..."

Sauti ile ilikuwa nyembamba, yenye haraka, ikipanda kila mwisho wa sentensi kama ya Chiriku. Alitazama daftari lake. Lilikuwa juu ya kreti, limefungwa. Akajigusa midomo kuhakikisha kwamba haikuwa inasema.

"Ni nani huyo?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mwanafunzi tu kama wewe. Hiyo ni stesheni ya ng'ambo. Waya ukiinuliwa juu huwa tunaipata."

"Lakini ng'ambo ni wao, shangazi."

"Kwao, ng'ambo ni sisi. Na mto tunaokunywa ni huohuo mmoja."

Waya ukamponyoka, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Alitembea upesi hadi nyumbani. Mdogo wake wa miaka mitatu, waliyemwita Kitinda, kwa kawaida humkimbilia mlangoni. Leo hakutoka. Alimkuta amelala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Chiriku alimfinya ngozi ya mkono kidogo. Ngozi ikabaki imesimama, kama kitambaa kilichokunjwa.

"Ameharisha tangu asubuhi," alisema bibi. "Ni tumbo tu, mjukuu wangu. Kuna kitu amekula. Yale mengine hayapo kwetu."

Chiriku alitazama ndoo ya maji ya kunywa. Kazi ya kuyachemsha ilikuwa yake. Kwa siku tatu alikuwa ameijaza moja kwa moja kutoka bombani ili apate muda wa hotuba, na kila mama alipomuuliza alijibu, "Tayari."

"Bibi, nifunge mtoto mgongoni," alisema.

Zahanati ilikuwa imejaa, lakini haikuwa na sauti. Watu walikaa kwenye mabenchi na sakafuni, kila mmoja akitazama miguu yake. Muuguzi alipopita akiwauliza, walijibu kwa mnong'ono uleule: "Ni tumbo tu. Kuna kitu nimekula." Mwanafunzi mwenzake wa dawati la mbele alikuwa pale. Alipomwona Chiriku, akageuza uso.

"Kwenu mnachemsha maji?" muuguzi aliuliza huku akimtundikia Kitinda dripu.

"Ndiyo," neno lilimtoka kabla hajafikiri.

Muuguzi alishusha pumzi. "Wote humu wameniambia ndiyo. Basi sina pa kuanzia kutafuta chanzo."

Chiriku alimtazama Kitinda. "Hapana, muuguzi," alisema, na safari hii hakunong'ona. "Siku ya tatu leo sichemshi. Namdanganya mama. Nachota kwenye bomba la karibu na soko."

Kisha mzee mmoja kwenye benchi la mwisho akakohoa. "Hata sisi hatuchemshi. Bomba ni lilelile." Mwanamke mmoja akainua mkono, na wengine wakafuata.

Jioni ile bomba lilifungwa. Mafundi walikuta limepasuka chini ya mtaro wa maji machafu. Asubuhi yake Kitinda alifumbua macho, akadai mpira wake.

Ijumaa Chiriku alisimama mbele ya shule bila daftari. Alisimulia yaliyotokea, pamoja na uongo wake mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi, ila baada ya hapo wanafunzi wengi walimfuata kumuuliza maji yachemke kwa muda gani.

Nyumbani alimkuta mama, fundi cherehani, akipiga pasi nguo ya mteja.

"Mama, kwa hiyo nchi yetu si bora? Nisiipende?"

Mama aliweka pasi kando. "Ipende, mwanangu. Mimi nawapenda nyinyi wawili, na sikuwapima kwanza na watoto wa jirani. Lakini siku ile bibi yako alisema yale hayapo kwetu. Ungemkubalia, leo tungekuwa matangani. Anayependa chake hukikagua, na akiona kidonda hukitaja, hata kama watu wote chumbani wamenyamaza."