Vifungo vya Babu Fundi

Kila asubuhi, kabla mjukuu wangu hajaenda shule, mimi humwamsha mume wangu, nikamfuta uso na kumvalisha shati. Yeye hunitazama kwa adabu, kama mtu anayehudumiwa ugenini, kisha huuliza, "Dada, wateja wamefika?"

"Kazi ipo, fundi. Nawa mikono kwanza."

Hapo hanisumbui hata kidogo. Mume wangu alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na fundi wa kweli hashiki nguo ya mtu kwa mikono michafu. Ukimwambia tu anawe, atakataa. Ukimwonyesha shati jeupe linalomsubiri, ananyoosha mikono mwenyewe. Jina langu limemtoka, lakini kazi haijamtoka, nami najivunia hilo. Nesi wa zahanati alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Si uchawi, wala si ukaidi wa uzee.

Basi humkalisha kwenye benchi karibu na dirisha na kumpa mashati makuukuu yasiyo na vifungo. Anashona huku akipiga mluzi. Akishakula na kulala mchana, mimi hufumua vifungo vyote, ili kesho apate kazi tena.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo. Siku moja aliwahi kurudi kutoka shule, akanikuta na wembe mkononi, vifungo vimejaa mapajani.

"Bibi! Kumbe ni wewe unayevikata?"

"Natengeneza kazi ya kesho."

"Lakini huko ni kumdanganya babu! Mwalimu anasema uongo ni uongo, hata ukivishwa nguo mpya."

Chungu kilikuwa kinafurika jikoni. Nikakimbilia chungu, nikamwacha na hasira zake.

Jumamosi yake nilikwenda bombani. Niliporudi na ndoo kichwani, nilimkuta mume wangu ameweka sindano chini, mikono imelala magotini kama si yake. Chiriku alikuwa analia pembeni.

"Nimemwambia kweli tu, bibi. Nimemwambia hakuna wateja, na vifungo unavifumua wewe."

"Nimefukuzwa kazi," alisema mume wangu taratibu. "Dada, nimekosa nini?"

Siku ile hakula. Kesho yake alikunywa maji tu. Maneno ya Chiriku alikwisha kuyasahau, lakini huzuni yake ilibaki, kama moshi unavyobaki nyumbani moto ukishazimika. Nilipomletea yale mashati aliyasukuma. "Haya hayana wenyewe," akasema.

Jioni nesi alipita kumwona, akanivuta kando. "Mama, asipokula mpaka kesho, itabidi alazwe. Na wodini, kati ya watu asiowajua, atachanganyikiwa zaidi."

Chiriku alisikia. Usiku huo mdomo wake ulikwenda likizo kwa mara ya kwanza.

Jumatatu mchana nilisikia kelele mlangoni. Chiriku alikuwa amesimama na wanafunzi wenzake watano. Mbele yao alikuwa msichana mmoja mrefu wanayemwita Twiga.

"Bibi," Twiga alisema, "Chiriku alituambia babu yake amesafiri. Leo anatuambia hajasafiri. Tushike lipi?"

"Nilidanganya," Chiriku akajibu, macho chini. "Babu anaumwa ugonjwa wa kusahau. Niliona haya, nikafikiri mtamcheka. Lakini mikono yake bado ni ya fundi, na nyie vifungo vimewakatika. Ingieni."

"Kumbe aliyenihubiria ubaya wa uongo ni huyuhuyu!" nilisema, na watoto wakacheka. Lakini moyoni nilijua ilivyokuwa vigumu kwake kusema vile mbele ya wenzake.

Wakaingia. "Shikamoo, fundi!"

Mume wangu alikuwa anatazama ukuta. Twiga akasogea, akainama mbele yake. Kola ya shati lake la shule ilikuwa imebanwa kwa pini kubwa.

"Fundi, naomba unisaidie. Mwalimu wa zamu kila siku ananitoa mstarini."

Macho ya mume wangu yakaondoka ukutani taratibu. Yakatua kwenye ile pini.

"Nani kakufunga hivi? Wewe ni gunia la mkaa?"

Watoto wakaangua kicheko. Naye, baada ya siku mbili za huzuni, akatabasamu.

"Simama wima, binti. Usipandishe bega." Akanyoosha mkono kuigusa ile kola, kisha akaurudisha haraka na kuutazama. "Dada! Maji ya kunawa! Mteja anasubiri."

Sikumbuki kama nilitembea au nilikimbia na lile beseni. Alinawa, akachomeka uzi kwenye sindano mwenyewe, akashona. Kila kifungo alikizungushia uzi kwa chini, kati yake na kitambaa, kabla ya kufunga fundo, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana wake dukani. Alipomaliza shati la tatu aliinua kichwa.

"Humu ndani fundi hapewi chakula?"

Alikula sahani nzima. Chiriku alimshikia kikombe, na Twiga akamfukuzia nzi kwa daftari bila kuambiwa na mtu.

Watoto walipoondoka, nilimketisha mjukuu wangu karibu nami. "Mjukuu wangu, kweli ni kitu kizuri, lakini ukiirusha kama jiwe inaumiza. Kabla ya kuisema, jiulize itamsaidia nani. Na mgonjwa wetu hatumfichi, maana ukimficha, hata mtu wa kumsaidia hawezi kumwona. Mimi nilimtafutia babu yako kazi ya kubuni. Wewe umemletea kazi ya kweli, na umeilipia kwa kujisema mbele ya wenzako. Leo umenipita."

Sasa kila Jumatatu watoto huja na mashati ya kumtosha wiki nzima, na mwalimu wao pia amewahi kuleta koti lake. Wembe wangu hukata kucha tu.

Jioni ya Jumatatu ile ya kwanza, Chiriku alipokuwa akifagia nyuzi sakafuni, mume wangu alimtazama kwa muda mrefu.

"Dada, huyu binti anayeleta wateja ni wa nani?"

"Ni wako, fundi. Ni mjukuu wako."

Akajiweka sawa kwenye benchi, akavuta kola yake.

"Ndiyo maana," akasema.