Unene wa Karatasi

Shaba haiumwi homa. Chuma chochote kilicholala stoo huamka baridi, na ndivyo vilivyoamka vipande vya wanafunzi wengine wote asubuhi ile ya mtihani wa kuchonga. Cha Mikroni tu kilikuwa na joto, kama tumbo la mtoto anayeumwa.

Wenzake karakanani walimwita Mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa kuwa alipenda kupima hata visivyopimika. Siku moja walimkuta anapima kucha yake mwenyewe. Basi asubuhi ile akakitoa kipande mfukoni mwake, akakipima kwa mikromita. Kilikuwa kimenenepa sehemu tatu za mia za milimita. Akakichovya kwenye ndoo ya maji ya kupoozea, akasubiri, akapima tena. Kilikuwa kimerudi sawasawa, ila maji ya ndoo sasa yalinuka marashi.

"Mwalimu, naomba kipande kingine."

"Kila mtu kipande kimoja, kimegongwa namba yake," mwalimu alijibu bila kuinua macho. "Mwaka jana ulisingizia mashine, leo unasingizia shaba. Karatasi ina unene, Mikroni! Kilichokuangusha ni hicho tu."

Hapo mwalimu hakumwonea. Ili mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta ijue kazi inaanzia wapi, unalaza kikaratasi juu ya shaba, kisha unashusha kisu pole pole mpaka kikibane. Karatasi ikigoma kuvutika, unaiambia mashine kwamba hapo ndipo sifuri. Halafu unatoa unene wa karatasi, sehemu moja ya kumi ya milimita, maana kisu hakijagusa shaba bado. Mwaka jana aliusahau unene huo, na shimo alilochonga likawa fupi kwa karatasi moja. Akafeli.

Mtihani unarudiwa mara moja tu. Mara ya tatu haipo, na cheti hakina mjomba. Mama yake, fundi cherehani, alikwisha kuwatangazia wateja wote kwamba bintiye anachonga chuma. Shemeji yake naye alikwisha kumwandalia kiti nyuma ya kaunta ya duka lake, akisema kwa upole wa kuudhi kwamba mashine si za wanawake. Mikroni aliapa kwamba kile kiti kitaliwa na mchwa kabla yeye hajakikalia.

Zamu yake ilikuwa ya mwisho, jua likiwa utosini. Wenzake walikwenda kula, mwalimu akaenda langoni kumpokea mtahini. Akafunga kipande kwenye jiriwa, akalaza karatasi, akashusha kisu mpaka kikaibana. Ndipo mzee wa stoo alipoingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usichonge hicho." Alinong'ona huku akitazama mlango. "Nilinyamaza, na mficha uchi hazai. Hiyo shaba tumeinunua kwa wayeyusha vyuma chakavu. Ndani yake kuna kopo la zamani, limezibwa kwa risasi, limeandikwa maandishi pande zote. Walilitia tanurini siku mbili, likakataa kuyeyuka. Basi wakalimiminia shaba nyingine juu, likawa kipande kama vipande vingine."

"Ndani ya kopo kuna nini?"

"Kitu kinachozibwa kwa risasi ni kitu gani, mwanangu? Mwambie mwalimu unaumwa. Ondoka."

"Nikiondoka nimefeli, mzee."

"Bora kufeli."

"Bora kwa nani?" alisema Mikroni, na hasira ikampanda kifuani kuliko hofu. "Wewe ulikaa na siri yako mpaka kipande kikagongwa namba yangu, sasa unaniletea ushauri! Maji nimeyavulia nguo, nitayaoga."

Mzee alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Mikroni akarudi kwenye skrini, akaithibitisha sifuri, akaufunga mlango wa kioo wa mashine na kubonyeza kitufe cha kijani.

Mchoro ulidai shimo la mraba, kina milimita kumi na mbili kamili, ruhusa ya kukosea sehemu mbili za mia. Kisu kilizama. Mwanzoni mlio ulikuwa ule ule wa kila siku, na vipande vya shaba viliruka vikimeta. Kilipofika milimita sita, mlio ukashuka, ukawa kama mtu anayeimba kwa pua amefunga mdomo. Kilipofika tisa, marashi yalijaa karakana, na chini ya marashi kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Kisha sauti ikaja, ikitoka kwenye chuma chenyewe, kwenye meza, kwenye soli za viatu vyake vya kazi, sauti ya mtu aliyezoea kuongea peke yake kwa muda mrefu mno.

*Binti. Ongeza.*

Akakisimamisha kisu nusu milimita kabla ya mwisho.

*Kifuniko kiko chini ya hapo ulipotakiwa kuishia, pungufu ya karatasi moja tu. Sikuombi mlango. Nakuomba ufa. Nitakupa mikono isiyokosea.*

"Mikono ninayo."

*Mama yako anashona dirishani, mgongo ameupa mlango.*

Akauma meno na kugeuza swichi ya mstari mmoja mmoja, ile wanayoitumia wanafunzi wa mwanzo, ambayo kila mstari wa programu ukitaka kusomwa lazima kidole cha fundi kiuruhusu.

"Hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ilikuwapo, "hausomwi mstari ambao sijaupigia kidole. Uwe jini, uwe baba yake jini."

Ghafla kwenye skrini, mbele ya macho yake, mstari wa mwisho ukajiandika upya. Palipokuwa na kumi na mbili kamili pakawa kumi na mbili nukta moja. Akaifuta ile nukta moja. Ikarudi. Akaifuta tena, ikarudi, na tarakimu zilikuwa zikitoa mvuke. Nje alisikia mwalimu akicheka na mgeni, nyayo zao zikija. Akizima mashine, amefeli. Akibonyeza kijani, kisu kitapita kwenye kifuniko.

Jicho lake likaangukia daftari lake la hatua za kazi, lililokuwa wazi kando ya skrini. Kila hatua huiwekea alama: jiriwa, alama, kisu, alama, sifuri, alama. *Toa unene wa karatasi.* Hapakuwa na alama.

Mzee wa stoo alimkatiza pale pale. Au aliutoa unene, akasahau alama tu? Kama aliusahau, basi kila kina kilikuwa kifupi kwa karatasi moja, na ile nukta moja ya jini ingekifikisha kisu penye kumi na mbili kamili, bila kuzidi hata unywele. Kama hakuusahau, mama yake anashona dirishani. Kubahatisha hakukuwa kazi ya mtu anayeitwa Mikroni. Ilibidi apime, na kupima kulimtaka afungue mlango wa kioo na kuutia mkono mle shimoni.

Akakiinua kisu, akaufungua. Hewa ya ndani ilikuwa ya moto kama pumzi, na alipoteremsha kipimo cha kina na vidole vyake vikagusa sakafu ya lile shimo, sakafu ilivigusa pia, kitu kikavishika kutoka upande wa pili wa chuma, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayevihesabu, naye akalia machozi huku akisoma, maana machozi hayakumzuia kusoma, na kipimo kilisema milimita kumi na moja nukta nne mahali palipopaswa kuwa kumi na moja na nusu.

Alikuwa ameusahau. Ashukuriwe Mungu, alikuwa ameusahau.

Akaung'oa mkono, akafunga mlango, akajifuta uso kwa kiganja chenye mafuta. "Umeshinda," alisema, akijitahidi asicheke. "Chukua nukta yako."

Akabonyeza kijani.

Kisu kilishuka, na ule wimbo wa puani ukapanda kwa furaha, ukapanda mpaka vioo vya madirisha vikalia, mpaka kisu kilipomaliza kuizunguka sakafu, kikajiinua, kikasimama. Hakuna kilichopasuka. Kisha ikatoka kelele ambayo mzee wa stoo, huko nje, aliwaapia watu kwamba ilikuwa ya mkanda wa mashine.

Mtahini alipima mara tatu. "Kumi na mbili kamili," alisema. "Safi. Ila sakafu ina alama kidogo, kama za vidole. Nipe msasa niipitishe."

"Usiiguse!" Mikroni alikinyakua kipande. "Samahani, mheshimiwa. Kipimo ni kipimo. Andika ulichokiona."

Mwalimu alimkodolea macho, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mtahini akaandika.

Siku ya kupokea cheti alikuwa tayari na kazi, na kile kiti cha dukani shemeji alikikalia mwenyewe. Kipande alikiweka juu ya meza yake ya kazi, akawa anapima kina cha shimo lake kila asubuhi kabla ya chai. Kumi na mbili kamili, kumi na mbili kamili, miezi saba. Asubuhi moja kikasoma kumi na moja nukta tisini na tisa. Sakafu ilikuwa imepanda. Kitu kilikuwa kinasukuma.

Hakupiga kelele. Siku hiyo hiyo alikata bamba nene la chuma cha pua, akalifunga kwenye jiriwa, akalichonga kifuniko cha kuingia kwenye lile shimo kwa nguvu. Alikigongomea kwa nyundo mpaka kikakaa. Chini yake ukasikika mlio mmoja wa kugonga, mdogo, kama wa ukucha.

Yeye akagonga mara mbili. Kifuniko kilikaa sawasawa, maana safari hii alikumbuka kutoa karatasi.