Kengele ya Kerrow

Kilichoibwa ni kengele ya mti, ya kuvalishwa ngamia. Meza ile ile ilikuwa na rupia za fedha na albamu tatu za stempu, na hakuna kilichoguswa. Mwizi gani huyo?

Zilibaki saa mbili wakubwa wafike kufungua maonyesho. Murithi, karani wa posta, alikuwa amebandika mabango ya maonyesho yake ya vitu vya kale Garissa nzima, kana kwamba mwaka huo wa 1966 hapakuwa na vita wala kafyu.

"Kengele ndiyo nimeichora kwenye mabango, Inspekta. Watu wanakuja kuiona hiyo."

"Uliipata wapi?"

"Kwa askari aliyetoka Tarbaj. Nilimpa pakiti mbili za sigara."

"Nani ana ufunguo wa ukumbi?"

"Mimi. Na Sadiyo, yule mama anayefagia."

Inspekta Musyoka aliinamia meza. Palikuwa na vipande vya nyasi kavu. Alikuwa ametumikia Tarbaj miaka miwili, akawaona wachungaji wakishindilia nyasi ndani ya kengele ili ngamia wapite karibu na kambi kimyakimya. Karani asingelijua hilo.

Sadiyo alikutwa nyumbani kwake, nyuma ya soko la mifugo. Hakukimbia. Kengele ilikuwa mapajani.

"Mama, umeichukua wewe?"

"Mimi nachukua."

"Kwa nini?"

"Hii kazi ya mtoto yangu, Kerrow. Alichonga hapa, mimi naona. Alienda Tarbaj na ngamia, sasa miezi nane. Watu nasema iko jela. Kila Ijumaa mimi napeleka maziwa huko jela, askari nakunywa."

"Labda aliiuza."

"Angalia kamba."

Musyoka aliitazama. Ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Mchungaji nafungua kamba," Sadiyo alisema. "Hapana kata. Kerrow akiwa hai, nani nakata hii?"

Musyoka aliyajua waliyotendewa wachungaji na askari visimani Tarbaj, maana alikuwepo, na aibu ilimshika mpaka akashindwa kumtazama usoni.

"Wacha mimi nazika hii kwanza," mama alisema. "Maiti sina. Halafu nakuja jela na miguu yangu."

"Ni kidhibiti, Mama. Lete."

Alimnyang'anya. Vidole vya mama vilikuwa vigumu kubanduka.

Saa nne kamili kengele ilikuwa mezani. Murithi alizichokoa nyasi, akaitikisa mbele ya wageni. Wakapiga makofi. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na mlio ulifika mpaka kaunta, alikosimama Sadiyo na pingu mikononi. Alifumba macho.

Musyoka alifungua daftari la matukio. Mali iliyoibwa: kengele moja. Mshtakiwa: amekiri.

"Mwenye mali ni nani?" aliuliza, kwa mazoea tu.

"Kerrow," mama alisema.

Musyoka alichovya kalamu kwenye wino, akaandika: Murithi.